Maswali ya Wasomaji: Atomu Baridi Zinazoelea Juu ya Kioo

Swali: Ndugu Wahariri, nasikia mwale wa atomu baridi za haidrojeni unaweza kuonyesha "ngazi" za mvutano wa dunia. Ngazi zipi hizo, na kwa nini ubaridi?

Jibu: Chembe inayodunda juu ya kioo bapa imefungiwa: chini imezuiwa na kioo, juu inarudishwa na mvutano. Kwa kanuni za kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo mno, chembe iliyofungiwa haiwi na nishati yoyote ile, bali viwango maalumu tu; hivyo ndivyo "ngazi" ulizosikia. Kwa nyutroni, chembe isiyo na chaji inayopatikana ndani ya kiini cha atomu, kiwango cha kwanza kina kimo cha mikromita 13.7 hivi na cha pili mikromita 24. Jambo hilo lilionyeshwa mwaka 2002 katika kituo cha utafiti wa nyutroni cha Institut Laue-Langevin, Grenoble, Ufaransa. Haidrojeni ina masi karibu sawa na nyutroni, kwa hiyo vimo vyake ni vilevile, tena haihitaji kinu cha nyuklia kama nyutroni.

Ubaridi unatakiwa kwa sababu ya muda. Viwango viwili vya kwanza vinatofautiana kwa kiasi kinacholingana na mtetemo wa hezi 254. Ili vitengane, atomu lazima ikae juu ya kioo kwa muda unaozidi sana milisekunde 0.6. Sasa piga hesabu: katika gesi ya kelvini 6 (nyuzi 267 hivi chini ya sifuri ya Selsiasi), wastani wa kasi ni kama mita 355 kwa sekunde, na kioo cha sentimita 30 huvukwa kabla ya milisekunde 1 kwisha. Atomu zenye kasi chini ya mita 100 kwa sekunde hukaa milisekunde 3 au zaidi. Hizo ndizo tunazozitaka, lakini kwa hesabu ni kama nusu asilimia tu ya mwale. Na ukifungulia gesi zaidi ukitumaini kuziongeza, utazipunguza: mdomoni mwa bomba zile za kasi huzigonga za polepole kwa nyuma na kuzitawanya. Afadhali mtiririko mdogo na subira ndefu.

Swali: Mtambo wenyewe unapangwaje?

Jibu: Gesi ya haidrojeni hupitishwa kwenye bomba la kioo ambamo mawimbi ya redio au ya maikrowevu huzivunja molekuli kuwa atomu moja moja. Atomu hupoozwa kwenye mdomo uliofungwa kwenye jokofu la heliamu. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu atomu zikigusana na ukuta huungana tena kuwa molekuli, na molekuli hizo zikiganda, barafu yake hubadilisha uso wa mdomo, basi mwale unapungua saa hadi saa. Dawa yake ni kuupasha moto mdomo, kuisafisha barafu, kisha kuanza upya.

Mbele huwekwa gurudumu lenye mianya, ili kasi ijulikane kwa muda wa safari. Kisha huwekwa nyufa nyembamba za kuunyoosha mwale. Usahihi wake hauna mzaha: atomu ya mita 100 kwa sekunde ikiingia kwa mwinamo wa mikromita 16 tu katika kila sentimita 10, kasi yake ya wima inafika sentimita 1.6 kwa sekunde, yaani inatosha kuirusha atomu hadi kimo cha kiwango cha kwanza.

Juu ya kioo huning'inizwa bamba lenye uso wa kukwaruza, ambalo hutawanya kila atomu inayolifikia. Bamba huinuliwa kidogo kidogo huku atomu zikihesabiwa upande wa pili. Mwanya ukiwa chini sana ya mikromita 14, atomu hazipiti ila chache mno. Ukizidi hapo, hesabu inaanza kupanda.

Kuhesabu hufanywa kwa leza ya urujuanimno ya nanomita 243: fotoni (chembe za mwanga) mbili huisisimua atomu, ya tatu huing'oa elektroni, na ioni, yaani atomu iliyobaki na chaji, inanaswa. Adui mkubwa ni haidrojeni inayovuja kutoka kwenye chuma cha chombo chenyewe. Gurudumu husaidia kuitenga, maana haidrojeni hiyo haifiki kwa kufuata mzunguko wa gurudumu.

Swali: Kwa nini atomu isinate kwenye kioo?

Jibu: Ikikaribia polepole hivyo, mvuto wa uso wa kioo hubadilika ghafla mno ukilinganisha na urefu wa wimbi la atomu (kwa kanuni za kwanta, atomu nayo ni wimbi), na wimbi hurudishwa kabla ya kugusa. La ajabu ni kwamba uso unaovuta kidogo hurudisha vizuri zaidi. Heliamu ya kimiminika hushinda kioo.

Swali: Basi imethibitika kuwa mvutano ni wa kikwanta?

Jibu: Hapana. Kinachofuata kwanta hapa ni atomu. Mvutano wenyewe unachukuliwa kama alivyouchukua Newton.

Swali: Sumaku ya dunia haiharibu kipimo?

Jibu: Huharibu. Elektroni ya haidrojeni ni sumaku ndogo. Uga wa sumaku ukibadilika kwa nanotesla 100 tu (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga huo) katika sentimita 1 ya wima, nguvu yake hufikia zaidi ya nusu asilimia ya uzito wa atomu. Funika eneo la kioo kwa ngao ya sumaku, na skrubu zote zilizo karibu zipimwe moja moja kabla ya kufunga chombo.