Neno moja la Kifaransa, mikopo mitatu ya Kiingereza

SWALI: Ndugu Mhariri, nafundisha Kiingereza sekondari huku Kondoa. Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu ameandika "be genteel with the baby". Nilipomsahihisha akaniuliza: kama "gentle" na "genteel" yote yametoka Kifaransa, kwa nini yasiwe neno moja? – Mwalimu, Kondoa

JIBU: Mwalimu, swali la mwanafunzi wako ni zuri, na maneno yenyewe ni matatu: ongeza "jaunty". Yote ni "gentil" ya Kifaransa, kutoka "gentilis" ya Kilatini, yaani mtu wa ukoo mmoja nawe. Kwa Wafaransa wa zamani alikuwa mtu wa ukoo bora, na kwa maana hiyo neno liliingia Uingereza karne ya 13 likawa "gentle", Kifaransa kikiwa bado lugha ya wakubwa tangu Wanormandi, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka nchi mwaka 1066. "Gentleman" basi alisifiwa nasaba kwanza. Upole, maana ya "gentle" tunayoijua leo, ulifuata baadaye, kwa kuwa mtu wa nasaba alitarajiwa kuwa na adabu.

Mwishoni mwa karne ya 16 Waingereza walikopa upya, wakapata "genteel": mwenye mienendo ya watu wa tabaka la juu. Karne ya 17 wakakopa tena, safari hii kwa sikio. Mfaransa haitamki "l" ya mwisho, na "en" yake hupitia puani, ndiyo maana ikaandikwa "jaunty", yenye madaha na uchangamfu. Kwetu mfano upo: shule ya Kijerumani na skuli ya Kiingereza, mzizi mmoja, milango miwili.

Darasani anza na mkazo. "Gentle" imekaa Uingereza muda mrefu, mkazo ukahamia mwanzo na silabi ya pili ikafifia. "Genteel" inakaziwa mwisho, Kifaransa bado kinasikika ndani yake. Kisha waandikishe nomino: mtoto, sauti, upepo, mteremko huenda na "gentle", familia, mtaa, malezi huenda na "genteel". Waonye kwamba siku hizi "genteel" mara nyingi hudokeza kujikweza, hivyo wasiitumie ovyo kumsifu mtu kwenye insha.

Wakikutana na "Gentile" katika Biblia ya Kiingereza, hiyo ilitoka Kilatini cha kanisa, na Biblia zetu husema "watu wa Mataifa".