Barua kwa mwanangu: spana gani ununue

Mama,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma, na picha ya lile sanduku jekundu nimeiona. Unasema mkandarasi amekuajiri fundi mitambo, anataka kila fundi aje na vifaa vyake vya mkono, na una akiba ya milioni mbili. Mwenzako kambini anakwambia chukua vifaa vya Snap-on, jina kubwa la Marekani, hata kwa mkopo, hutanunua tena mpaka unastaafu. Muuza duka naye anasema kwa nusu ya pesa hiyo unaondoka na seti ya vipande zaidi ya mia mbili, sanduku juu. Unauliza umsikilize nani.

Kila mmoja ana lake. Mwenzako anajivunia mkopo wake, muuza duka anataka stoo yake ipungue. Mimi nakwambia hivi: jina kubwa lilipie pale tu ambapo chuma kikiteleza au kukatika kitakuumiza wewe au kitaharibu bolti. Kwingine kote nunua cha kawaida, kipande kimoja kimoja.

Ila kabla ya jina kuna saizi. Umetaja greda ya Caterpillar 140H, buldoza D8R na eskaveta mbili za Komatsu PC200. Basi una familia mbili za spana. Caterpillar za umri huo zimejaa bolti za inchi, Komatsu ni milimita. Kwa Caterpillar, bolti ya nusu inchi ina kichwa cha 3/4, ya 5/8 ina kichwa cha 15/16, na ya 3/4 ina kichwa cha 1-1/8. Upande wa Komatsu, M16, yaani bolti ya unene wa milimita 16, inataka spana 24, M20 inataka 30, M24 inataka 36. Hizo sita peke yake zitakula sehemu kubwa ya siku zako.

Vijana wengi hununua milimita tupu wakitumaini zitaingiliana. Nyingine huingiliana kweli. Spana 19 kwenye 3/4 inakaa kama ya kwake, maana 3/4 ni milimita 19.05. Ya 24 kwenye 15/16 inapita pia, inabaki nafasi ya milimita 0.2 hivi, na bolti ikiwa safi hutajua tofauti. Lakini 7/8 ni milimita 22.2, kwa hiyo 22 inabana pale na mara nyingine haiingii, na 1-1/8 ni milimita 28.6: ukiiwekea 29 inacheza. Sasa zitazame zile nati za kufungia makali ya kisu cha greda. Kokoto limezisaga miezi na miezi, pembe mbili tatu zimeshalika, udongo umekauka ndani ya nyuzi. Ukiweka kitu kinachocheza pale, pembe zilizobaki zinaondoka kwa mvuto mmoja, na kuanzia hapo kazi si ya spana tena, ni ya gesi ya kukatia. Hata Snap-on ya 29 haitakuokoa. Soketi yoyote ya maana ya 1-1/8 yenye pembe sita itaifungua.

Pembe sita, nasisitiza. Soketi za pembe kumi na mbili ni rahisi kuingiza gizani, lakini zinashika karibu na ncha ya kona, na nati iliyochoka ncha ndiyo haina. Kampuni nzuri siku hizi huchonga kuta za ndani ya soketi zikiwa na mviringo kidogo karibu na kona, ili nguvu iangukie ubavuni mwa nati. Snap-on ndio waliotangaza sana mtindo huo, wakauita Flank Drive, lakini leo utaukuta kwa Wajerumani, Wajapani na Wataiwani. Shika soketi, ielekeze kwenye mwanga, tazama kona zake: kama kila kona imeingia ndani kidogo kwa duara, ndio huo.

Tukija kwa Snap-on yenyewe. Ubora wake sibishani nao. Walianza Milwaukee, Marekani, mwaka 1920, wakiuza vishikio vitano na soketi kumi zinazobadilishana, kwa maelezo kwamba vitafanya kazi ya spana hamsini. Kwa hiyo hata hao anaowasifu mwenzako walianza kwa kumpunguzia fundi mzigo wa vyuma, na wewe usijibebeshe vipande mia mbili ambavyo robo yake ni vibiti vya bisibisi vya kufungulia redio. Lakini bei ya Snap-on imebeba na gari ndani yake. Kwao muuzaji anazunguka na gari lililojaa vifaa, anapita gereji kwa gereji, racheti, ule mkono wa soketi wenye meno ndani, ikifa anakutengenezea au anakupa nyingine. Kambini kwenu gari hilo halifiki. Utalipia dhamana ambayo kuidai kwake ni kutuma kifurushi ng'ambo na kungoja. Na kwa mkopo! Mkataba wa mkandarasi unaweza kwisha na kifusi cha barabara, deni likabaki.

Kama jina hilo linakuvuta sana, ujue kwamba Bahco ya Wasweden iko chini ya Snap-on tangu 1999, na hapa nyumbani inapatikana kwa urahisi zaidi. Spana malaya, ile ya taya la kupanua na kufunga, nunua ya Bahco, usibahatishe. Johan Petter Johansson aliisajili ile spana yake mwaka 1892, na mpaka leo taya la Bahco halilegei haraka. Ile ya bei ya soda, ukiikaza leo, kesho taya linatikisika kama jino la mtoto. Na hata hiyo ya Bahco ni ya kushikilia upande wa pili au ya kufungulia maungio ya mipira ya haidroliki ukikosa saizi. Usiifanye ndiyo spana yako ya kila kitu.

Pa kulipia jina sasa. Spana kubwa za mkono: 30, 36, 1-1/8, 1-1/2. Hizi unazivuta kwa uzito wa mwili, mara nyingi umesimama juu ya cheni ya buldoza yenye grisi, na ikiteleza unaanguka wewe. Tafuta Gedore, Stahlwille au Hazet. Wote watatu wametokea miji miwili jirani ya Ujerumani, Remscheid na Wuppertal. Stahlwille tangu 1862, Hazet tangu 1868, Gedore tangu 1919. Kwetu sisi Gedore ina faida moja ya ziada, wana kiwanda Afrika Kusini karibu na Durban, kwa hiyo kipande kimoja kilichopotea kinaagizika bila kuvuka bahari. Za Kijapani, Koken kwa soketi na KTC kwa spana, nazo ukizikuta kwenye mtumba uliotoka kwao usizipite.

Alenkii, zile funguo za pembe sita za kuingiza ndani ya tundu la bolti, pia lipia. Pampu na vali za haidroliki za eskaveta zina bolti za kichwa cha tundu zilizokazwa kweli kweli, na alenkii laini inajipinda kwanza, halafu inakwangua tundu. Ukifika hapo mtachomelea nati juu ya kichwa cha bolti mkiwa pembeni ya pampu yenye mafuta, na hiyo si kazi ninayokutakia. Halafu plaizi ya kutolea sekilipi, ile ringi ya springi inayozuia kitu kisichomoke: ncha zake zikikatika zinaruka, na mara nyingi uso wako uko hapo hapo. Knipex, na miwani.

Soketi za mkono za nusu inchi (hicho ni kipimo cha tundu la mraba la nyuma, si cha nati) mpaka saizi 24, spana ringi za kawaida, racheti ya nusu inchi: chukua Taiwani. King Tony au Toptul. Nimezitumia, sina ugomvi nazo, na zinauzwa kimoja kimoja. Za robo tatu nazo Taiwani inatosha kuanzia, ila uwe na mkono mrefu usio na meno wa kufungulia, usiing'oe nati ya cheni kwa racheti. Meno ya ndani ya racheti ni madogo. Fungua kwa mkono mrefu, racheti ifuate nati ikishalegea. Na lile bomba la kuongezea urefu ambalo kila gereji inalo nyuma ya mlango, liache huko nyuma ya mlango. Nguvu ikikosekana omba kifaa cha kuzidishia nguvu chenye gia ndani; Norbar wa Uingereza wanatengeneza vizuri, na hicho ni cha kampuni kununua, si wewe.

Kuna jambo la rangi ambalo wauzaji hawakwambii. Soketi zinazong'aa kwa kawaida ni kromu-vanadi, ngumu, za mkono. Nyeusi zenye ukuta mnene ni za impakti, mashine inayofungua nati kwa kugongagonga, nyingi ni kromu-molibdeni, zinavumilia kupigwapigwa. Gereji moja niliyofanya kazi, kijana aliweka soketi inayong'aa kwenye impakti ya upepo kwa sababu nyeusi ya saizi ile ilikuwa mbali. Ilifungua nati tatu. Kwenye ya nne soketi ikapasuka, kipande kikamchana mkono juu ya kiwiko. Soketi ilikuwa ya jina zuri tu. Kwa hiyo kwenye bajeti yako weka nyeusi chache za robo tatu: 30, 36, 15/16 na 1-1/8. Zikaze kwa pini yake na ringi ya mpira, usizifunge kwa waya.

Nyundo, tindo, mtaimbo, brashi ya waya, hivyo nunua popote. Taparia ya India kwa plaizi za kawaida na bisibisi inatosha, nami bado ninazo zangu. Ingco na Total sizidharau kwa kazi za nyumbani na kwa vitu vitakavyoibwa, maana vitaibwa, lakini sitaki kuzisikia kwenye spana 36.

Feki ni nyingi, na jina likipendwa ndivyo linavyoigwa. Ukienda kwenye maduka ya Gerezani, Dar, nenda na bolti mpya mbili mfukoni, M16 na M24, na nati ya 1-1/8. Vaa soketi juu ya nati, izungushe kushoto kulia kwa vidole. Inatakiwa icheze kidogo sana, na icheze sawa kwa pembe zote. Chungulia ndani: tundu liwe katikati, ukuta usiwe mnene upande huu na mwembamba upande ule. Pitisha ukucha kwenye mdomo wa spana. Kromu ikiwa na malengelenge au kingo zinazonyanyuka, iache, siku itakapobanduka itakukata kama wembe. Soma maandishi taratibu. Feki nyingi zimekosea herufi au saizi imepigwa imepinda. Kwa mtumba, tazama taya: kama midomo imepanuka kwa mbele, hata iwe Stahlwille, ni chuma chakavu.

Torki renchi, ile spana ya kukazia kwa kipimo, usinunue mwaka huu. Muulize msimamizi wako iliyopo kambini ilipimwa lini. Kiwango cha kimataifa, ISO 6789, kinaielekeza ipimwe upya kila miezi 12 au kila mivuto 5,000 kama mwenye nayo hana utaratibu wake, kipi kinatangulia. TBS, shirika la viwango la Tanzania, wana maabara ya vipimo. Kama hakuna anayejua ilipimwa lini, mwambie kwa heshima na kwa maandishi, hasa kabla hamjakaza bolti za pedi za cheni za D8R, maana zile zinakazwa kwa kipimo kwanza halafu zinazungushwa theluthi ya mzunguko. Kipimo cha kwanza kikiwa cha uongo, theluthi inayofuata ni uongo pia. Na mkimaliza mrudishe kipimo cha chini kabisa kabla ya kuiweka kwenye boksi, springi yake isilale imebanwa.

Usinunue vyote kwa mkupuo. Anza na soketi za nusu inchi za pande zote mbili, inchi na milimita, spana ringi mpaka 24, alenkii, plaizi, bisibisi tatu ambazo chuma chake kimepita mpaka nyuma ya mpini ili uweze kuzigonga. Kisha kubwa nne za Kijerumani, hata kama ni mbili mwezi huu na mbili mwezi ujao. Sanduku lenyewe liwe dogo lenye kufuli nzuri. Lile jekundu linahitaji watu wawili kulipandisha kwenye pikapu na utakuwa unalipandisha kila siku. Chora alama yako kwa kalamu ya umeme kwenye kila kipande kabla hujakipeleka kambini, alama isiwe jina, iwe mchoro ambao wewe peke yako unauchora vile. Na kila jioni hesabu soketi kabla ya kuwasha mashine. Soketi iliyosahauliwa ndani ya mtambo ni hasara kubwa kuliko iliyoibwa.

Mama yako anauliza kama buti za usalama walikupa saizi yako au za kiume zilizozidi. Mjibu yeye, amekasirika tayari. Mimi nitumie picha ya kibao cha namba ya 140H na ya eskaveta zote mbili kabla ya Ijumaa. Mjomba wako anakwenda Dar Jumamosi, nitampa orodha na zile bolti mbili za kupimia, na duka la sanduku jekundu usilipe hata ya kushikilia.

Baba yako