Muulize Shangazi: Binti yangu na viblauzi vya mtandaoni

SWALI: Shangazi, shikamoo. Binti yangu yuko kidato cha tatu. Hela zote anazopewa na wajomba zake zinaishia kwenye viblauzi vya kuagiza kwa simu. Anavaa mara mbili, anapiga picha, basi. Nikimwambia vinaharibu mazingira ananijibu, "Mama, si nguo tu?" Nimweleze vipi?
Mama Wawili, Tanga

JIBU: Marahaba, Mama Wawili. Usimweleze. Mtoto ametoka kusoma tangu asubuhi, akirudi nawe umpigie somo? Mwonyeshe.

Tafuta kiblauzi kimoja alichokichoka na kanga yako kuukuu ya pamba. Chomoeni uzi kwenye kila kimoja, mmoja mmoja mshike kwa kibano juu ya sufuria ya maji, muwashe kwa mshumaa. Wa kanga utaungua kama karatasi, jivu lipukutike. Wa kiblauzi, ikiwa ni polista (vingi ni polista, someni lebo), utajikunja, utayeyuka, kisha utaganda kijidonge kigumu. Kikipoa akibonyeze. Hiyo ni plastiki, imetokana na mafuta ya petroli kama chupa ya maji. Kila kikifuliwa kinaachia vinyuzi vidogo mno, na hapo kwenu Tanga maji ya kufulia hayana safari ndefu kufika baharini.

Atasema, basi nitanunua za pamba. Nazo zina deni lake. Fulana moja ya pamba hukadiriwa kula lita 2,700 za maji, kuanzia shambani. Kwa ndoo za lita 20 ni ndoo 135. Kama amewahi kubeba maji kichwani wakati wa mgao, nyamaza hapo hapo.

Mimi niliuza mitumba Karume, Ilala, miaka tisa. Zamani nikifungua belo la kilo 45 la blauzi za kike nilikuwa napata nguo za kushonwa haswa, pindo nene, vifungo vya akiba ndani. Miaka ya mwisho yakawa yanatoka madude mepesi kama karatasi ya maandazi, mshono umeachia kabla hata ya mteja kujaribu. Walivaa wenzetu Ulaya mara moja, wakatutumia. Nilikuwa natoa za juu kurudisha mtaji, nyingine namwaga chini za mia tano mia tano, zilizobaki matambara ya gereji, na yasiyofaa hata gereji, dampo. Polista hainyonyi vizuri kama pamba, mafundi magari wanaikataa. Ukija Dar naye, mpitishe Karume alfajiri belo zikifunguliwa.

Kisha mpe kalamu ya wino usiofutika. Kila akivaa nguo apige kistari kwenye lebo. Asiagize kipya mpaka vya kabatini vifike vistari thelathini. Wasichana wa umri huo wanapenda mashindano, atakuwa anakuonyesha mwenyewe.

Ila jiandae, maana atakuja kwenye kabati lako. Atakuuliza zile sare za harusi, za kitchen party, za kikoba, umezivaa mara ngapi. Usimkaripie, amekushika pabaya. Mimi nilihesabu zangu nikakuta 14. Mbili nimempelekea fundi, moja imekuwa foronya, nyingine gauni la mjukuu. Kumi na mbili bado zinaning'inia, na harusi ya mpwa wangu ni Desemba, sare rangi ya embe, na mchango wa kitambaa nimeshalipa.