Unaanza vyuma? Acha kupiga kifua kila siku

Mkuu, umesema ndo unaanza vyuma, kila siku unapiga kifua na mikono tu na sasa bega linauma ukilala kwenye benchi kusukuma chuma. Mimi nimeanzia jimu ya mtaani, zile za makopo yaliyojazwa zege, na wengi pale walikuwa hivyohivyo, kifua na mkono Jumatatu mpaka Jumamosi, mgongo hakuna, miguu ndo kabisaa. Bega halipati hata siku ya kupumua, lazima lilalamike.

Siku 3 zinakutosha, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, na kila siku unapiga mwili mzima. Misuli haikui wakati unanyanyua, inakua umepumzika na umekula, halafu mwili mgeni unashika zoezi haraka ukilirudia mara kadhaa kwa wiki kuliko kujiua siku moja afu unatembea kwa shida mpaka wikiendi.

Kila siku weka skwati (kuchuchumaa na kuinuka na uzito), zoezi moja la kuinama na kunyanyua kutoka chini, moja la kusukuma, moja la kuvuta, malizia na tumbo. Kila zoezi seti 3, yaani mizunguko mitatu, kila mzunguko unarudia mara 8 mpaka 12, pumzika kama dakika 2 katikati. Uzito uwe ule ambao ukimaliza seti unaona bado ungeweza kurudia mara mbili zaidi hivi. Ukifikisha 12 seti zote tatu bila kuyumba, ongeza kilo 2 na nusu uanze tena na 8. Andika kwenye simu, kichwani utasahau. Kwenye skwati kumbuka ile nondo ndefu ya jimu peke yake mara nyingi ni kilo 20, kwahiyo anza nayo tupu au kumbatia dambeli moja kifuani, visigino visinyanyuke.

Kuvuta ndo nakuomba ukazanie sana. Goti na mkono wa kushoto juu ya benchi, mgongo umenyooka kama meza, dambeli mkono wa kulia, sasa usivute kwa kiganja, vuta kiwiko kielekee kiunoni, shikilia kidogo, shusha taratibu. Ukisikia mkono tu unaungua na pale nyuma ya kwapa hakuna kitu, uzito umezidi, punguza bila aibu.

Msosi, poda ya protini sio lazima. Lenga kama gramu 1.6 za protini kwa siku kwa kila kilo yako, mtu wa kilo 65 ni kama gramu 100, na yai moja lina kama 6 tu kwahiyo changanya na dagaa, maharage, maziwa, samaki. Na ulale jamani, masaa 7 na kuendelea.

Hilo bega, kusukuma chuma ukiwa umelala kwenye benchi weka pembeni kwanza, jaribu pushapu za ukutani kama haziumi. Likikuamsha usiku au mkono ukikataa kupanda juu nenda hospitali ukapimwe, usikubali mtu wa jimu akuvute vute.