Mwalimu, usilipe hiyo milioni 5

Usilipe. Hata ya kishika uchumba usitoe. Nimekusoma: umestaafu, uko Bagamoyo, una mswada wa riwaya, unauliza uendelee nayo au ugeukie tenzi, ununue kompyuta au daftari latosha, na kuna kampuni inataka milioni 5 ikuchapie nakala 1,000. Nilipofika kwenye milioni 5 chai ikanipalia.

Mimi ni nesi mstaafu, niko Tanga, Ngamiani. Zamu miaka 34, na hadithi yangu niliiandika usiku wodini, nyuma ya fomu zilizoharibika. Kiinua mgongo kilipoingia 2021 akatokea kijana wa kampuni kama hiyo yako, tai shingoni, maneno asali. "Mama, wewe ndiye Shaaban Robert wa kike." Marehemu kalala zake Machui hapo, hana wa kumtetea. Mimi nikacheka kama bibi harusi, nikatoa 6,200,000. Humo 800,000 ni za "uhariri". Huyo mhariri mpaka leo sijamwona hata kivuli.

Yakaja maboksi 20, nakala 1,000. Nikawaita mashoga kibarazani, wenyewe wanasuka ukili, mimi nawasomea kila alasiri. Siku ya nne jirani yangu muuza maandazi akaweka ukili chini.

"Shoga, huyo Mwanaidi anayemimina chai si ndiye tuliyemzika juzi Pangani?"

Nikarudi nyuma. Ukurasa wa 63 amekufa, ameoshwa, amekafiniwa, na hitima imesomwa. Ukurasa wa 112 kashika birika, anauliza nani hatumii sukari. Nesi mzima! Maiti wangapi nimewafumba macho, wa kwangu mwenyewe kanitoroka.

Na si huyo tu. Kufika mwisho wa kitabu walishanitolea makosa 41, na wawili kati yao hata darasa la saba hawakumaliza. Kumbe mume wangu alikuwa ameusoma mswada wote, akasema "mzuri". Binti yangu akasema, "Mama, umeua!" Kweli nimeua, na kufufua nimefufua.

Yule kijana aliniapia kwamba shule zitakigombania. Nimebeba boksi kichwani shule tatu, mpaka mwalimu mkuu mmoja akanihurumia, akanieleza kwamba kitabu hakiingii darasani bila ithibati ya serikali. Nikampigia kijana. Simu inaita tu. Mungu anamwona. Nimeuza nakala 61, na 40 walichukua wenzangu wa kikoba, maana kikao kilikuwa kwangu na mlango nimeufunga mimi.

Mwenzangu, mchapishaji wa kweli hutia fedha yake, wewe unalipwa mrabaha, yaani fungu lako katika kila nakala inayouzwa. Anayekutoza wewe ni mpiga chapa. Si dhambi, watu wanakula kwa kazi hiyo, lakini ajiite jina lake.

Kilichonichoma zaidi ni 2023, Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilipotolewa mara ya kwanza. Mshindi wa kwanza milioni 10, na wanachotaka ni mswada ambao haujachapishwa. Wangu ulishachapishwa. Mara elfu moja!

Basi kabla hujampa mtu hata shilingi, usome mswada wote kwa sauti, tangu bismillahi mpaka mwisho, mbele ya watu ambao hawali kwako. Si mke, si watoto, si wanafunzi wako wa zamani, hao bado wanaogopa fimbo. Tafuta watu wenye kazi mikononi. Wasusi wa ukili, washonaji wa nyavu, hapo Bagamoyo wamejaa. Usiwatazame usoni, uso utakudanganya kwa heshima. Tazama mikono. Hadithi ikilala, mikono inachapuka, mtu anawahi kumaliza safu yake aende nyumbani. Ikinoga, mkono unabaki hewani na ukindu umening'inia. Pale kwenye chai ya Mwanaidi mikono yote ilisimama, nami mjinga nikadhani wamenogewa.

Nakala ninazo 900 na ushee, mvunguni na juu ya kabati. Kila baada ya Isha nachukua peni, nafungua ukurasa wa 112, nafuta Mwanaidi, naandika Mwanahawa, mdogo wake. Nimefika nakala ya 280. Ukitaka moja niambie, ila useme mapema kama unamtaka aliyekufa au aliye hai.