Ndorobo wa Katavi na mafuta ya mbu: jibu kwa mleta mada

Mleta mada, umesema mnakwenda Sitalike na kikosi cha kupima barabara, mtalala kambini, na unauliza kama mafuta ya mbu yatatosha kwa ndorobo, yule nzi anayeng'ata na kunyonya damu. Nimeendesha magari ya wageni kwenye hifadhi za Katavi na Ruaha kwa miaka mingi. Hayatoshi, mkuu.

Mbu anakutafuta kwa pumzi na harufu ya mwili, kwa hiyo dawa ya kupaka inamvuruga. Ndorobo (wengine mnamwita mbung'o) naye ananusa, lakini macho ndiyo yanayomleta kwako: hufuata kitu kikubwa kinachotembea, na huvutwa mno na bluu na nyeusi. Vile vitambaa vya bluu na nyeusi mtakavyoviona vimetundikwa kando ya njia za hifadhi ni mitego yenye sumu, msiviguse. Sasa fikiria ovaroli za bluu iliyokoza ambazo vikosi vingi vya barabara hugawiwa. Ukiivaa kwenye msitu wa miyombo, umejifanya mtego usio na sumu. Mwombeni msimamizi, kabla hamjaondoka mjini, awape kaki au rangi ya mchanga, kitambaa kizito kisichobana, maana mdomo wa ndorobo unapenya shati jepesi bila shida. Jinzi pia iacheni nyumbani.

Ndani ya gari, pandisheni vioo mnapopita porini. Mkifika kwenye uwanda wa wazi wa Katisunga wanapungua sana. Asubuhi kukiwa na baridi hawasumbui, kwa hiyo kazi ya kutembea kwa miguu ipangeni mapema. Akiingia, kofi halimtoshi, anaruka tena. Mbane na umsage. Madereva wengine hufukiza kinyesi cha tembo kwenye kopo nyuma ya gari la wazi, na moshi ule unapunguza kweli.

Kuhusu malale, ugonjwa wa usingizi unaoletwa na vimelea anavyobeba ndorobo, wengi wao hawana vimelea hivyo, kwa hiyo usiishi kwa hofu kila ukiumwa. Ila hakuna chanjo, na malale ya huku kwetu huenda haraka, yasipotibiwa yanaua ndani ya miezi. Ukiona uvimbe au kidonda kinakua pale ulipong'atwa, au homa na kichwa vimekushika, nenda hospitali na useme mwenyewe: nimeng'atwa na ndorobo. Kipimo cha haraka cha malaria hakioni malale. Omba damu itazamwe kwa hadubini. Hili nalisisitiza kwa sababu vijana wa kazi wakirudi mjini hunyamaza, wanameza dawa za malaria wiki nzima na homa haishuki.

Mbu sasa. Sitalike ipo kando ya Mto Katuma, na jioni wapo. Hapo ndipo mafuta yako yanafanya kazi: soma kibandiko kama yana DEET (dawa ya kufukuza wadudu), vaa mikono mirefu jua likizama, lala ndani ya chandarua chenye dawa na uchomeke pindo chini ya godoro. Ukipaka na mafuta ya kukinga jua, hayo yatangulie. Mkipitia Dar msijiachie mchana, mbu wa dengue huuma asubuhi na alasiri. Mwaka 2014 na 2019 wengi waliugua.

Kuna mdau hapo juu kaandika kuwa ndorobo hawamaliziki. Unguja walimalizika. Walipunguzwa kwa dawa, kisha wakaachiwa madume waliohasiwa kwa mionzi, waliozalishwa Tanga, na kufikia 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina ndorobo. Inawezekana kwa sababu jike huzaa buu mmoja tu kwa wakati, si mayai mamia kama mbu. Katavi si kisiwa, wanaingia kutoka kila upande, lakini mitego michache kuzunguka kambi inapunguza. Mkifika, waombeni wahifadhi wawaelekeze pa kuitundika.