Soma hundi kabla ya mswada

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimefika, na picha za wajukuu pia. Huku wazima, ila mguu wa shangazi yako ni ule ule na habari za hospitali hataki kuzisikia. Unamjua.

Barua yako nimeirudia mara mbili. Umeniuliza jambo la mstari mmoja: yule Judith Regan wa Marekani, aliyekuwa akiwachapishia vitabu watu wenye majina na kashfa zao, alionewa au aliyataka mwenyewe? Unauliza kwa kuwa mezani kwako umetua mswada wa mtu mashuhuri mwenye kesi, na bosi wako anataka jibu kabla ya mwezi kuisha.

La kuonewa nitalifikia, silikimbii. Lakini kila nikitajiwa mama huyo, kinachonijia ni nakala 400,000 za kitabu kimoja zilizokwisha kujalidiwa, nyingine zimeshapakiwa kwenye malori, zikarudishwa kwenda kusagwa. Chukulia kila kitabu gramu 400, hizo ni tani 160. Wewe umekulia chini ya meza ya prufu, zile kurasa za kusahihishia, huhitaji kuelezwa tani 160 ni jasho la watu wangapi.

Tumpe haki yake kwanza. Regan alianza kama ripota wa National Enquirer, gazeti la udaku, na huko alijifunza ambacho wahariri wengi waliosomea fasihi hawakifundishwi: watu hulipa kwa siri. Alipoingia kampuni ya vitabu ya Simon & Schuster akawafuata watangazaji wa redio. Mwaka 1992 akatoa kitabu cha Rush Limbaugh, 1993 cha Howard Stern. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Mtu anayesikilizwa na mamilioni kila siku huna haja ya kumtangazia kitabu, atakitangaza mwenyewe, bure, mpaka watu wachoke. Matangazo ndiyo yanayoua bajeti za vitabu vingi, na yeye yake yalikwisha kulipiwa na redio. Mwaka 1994 Rupert Murdoch, tajiri wa magazeti na televisheni, akamchukua, akampa chapa yake ndani ya HarperCollins, ReganBooks, na kipindi cha televisheni juu yake.

Shika hapo kwenye neno chapa. ReganBooks haikuwa kampuni, ilikuwa jina kwenye mgongo wa kitabu. Mchapishaji alikuwa HarperCollins, na HarperCollins ilikuwa mali ya News Corporation. Mkataba, hundi, ghala, mawakili, vyote vya mwenye nyumba. Yeye alikuwa mpangaji aliyepewa sebule kubwa. Mpangaji anayeleta kodi nono huachiwa apige ngoma hata saa nane za usiku, lakini ngoma zake zote zinahesabiwa.

Na usidhani alichapisha takataka tupu. Riwaya ya Gregory Maguire ya 1995, ambayo 2003 ikawa mchezo wa muziki Broadway, ni yake. Riwaya nene ya Wally Lamb ya 1998 ni yake. Akamchapisha jaji Robert Bork, mhafidhina wa kutupwa, na akamchapisha Michael Moore anayewatukana wahafidhina. Mwaka 2004 Jenna Jameson, mwigizaji wa filamu za ngono. Mwaka 2005 Jose Canseco, mchezaji wa besiboli aliyewataja wenzake waliojidunga dawa za misuli, na Machi ya mwaka huo huo Bunge la Marekani likawaita wachezaji kuwahoji. Kitabu cha mchezaji mmoja kufikisha watu mbele ya Bunge! Wahariri wenye mikogo mikubwa walimcheka, na wengi wao walikuwa wakiishi kwa faida yake.

Hicho cha Moore kina kisa ambacho hadi leo nikikikumbuka natabasamu. Nakala 50,000 zilikwisha kuchapwa zikangoja ghalani. Ikaja Septemba 11, 2001, na kitabu kilikuwa kikimkejeli rais. Wakubwa wakaogopa. Kwa maelezo ya Moore mwenyewe, aliambiwa aandike upya karibu nusu na achangie dola 100,000 za kuchapa tena. Desemba akasoma kurasa chache kwenye mkutano mdogo New Jersey. Ukumbini alikuwemo mkutubi mmoja, aliporudi nyumbani akawaandikia wakutubi wenzake, nao wakaimwagia HarperCollins barua pepe. Februari 2002 kitabu kikatoka, kikauzwa kama maandazi ya asubuhi. Mkutubi, mwanangu! Wala hakuwa mwandishi, wala wakili.

Kwa hiyo vitabu 50,000 viliokolewa, na miaka mitano baadaye 400,000 vikasagwa, ghala lile lile, mwenye ghala yule yule. Mimi hapo ndipo ninapokwama.

Habari ya O.J. Simpson, nyota wa zamani wa mpira wa Kimarekani, unaijua. Juni 12, 1994 waliuawa Nicole Brown Simpson, mkewe waliyeachana, na Ron Goldman. Simpson akashtakiwa kwa mauaji hayo, na Oktoba 1995 akaachiwa huru. Mwaka 1997 kwenye shauri la madai akaonekana anawajibika kwa vifo hivyo, akaamriwa kulipa dola milioni 33.5, na fedha hizo akawa anazikwepa mwaka hadi mwaka. Mwaka 2006 Regan akampata. Kitabu kikapewa jina If I Did It, na hapo nikutolee jambo la sisi wenye lugha yetu. Kwa Kiingereza maneno yale yanasomeka kama "ikiwa ni mimi niliyefanya" na pia kama "kama ningefanya mimi". Kwa Kiswahili mhariri angelazimika kuchagua, aweke -nge- au asiiweke, na kitabu kizima kilining'inia kwenye -nge- hiyo.

Aliyemwandikia ni Pablo Fenjves. Huyu alikuwa akiishi jirani na Nicole, na 1995 alipanda kizimbani upande wa mashtaka kueleza alivyomsikia mbwa akilia usiku ule. Shahidi wa mashtaka ndiye aliyekuja kukaa na mshtakiwa na kinasa sauti. Ukiweka hilo kwenye riwaya nitakurudishia mswada.

Sasa fedha. Umenisikia nikisema tangu huna meno: soma hundi kabla ya mswada. Mtu mwenye deni la milioni 33.5 hawezi kupokea fedha hadharani, zitakamatwa kabla hazijafika benki. Kwa hiyo kiasi cha dola 880,000 kililipwa kwa kampuni iliyoundwa kwa ajili ya watoto wake. Regan alijitetea kwamba yeye kitabu kile alikihesabu kuwa ni ungamo, na kwamba naye aliwahi kupigwa na mwanamume, alitaka jambo lifikie mwisho. Huenda. Simbishii mwanamke aliyepigwa. Lakini huwezi kusema nimemleta muuaji aungame huku bahasha inapitia mlango wa uani.

Mipango ilikuwa hivi: mahojiano ya Regan na Simpson yarushwe na Fox, televisheni ya Murdoch, Novemba 27 na 29, kitabu kiwe madukani tarehe 30. Habari ilipotangazwa katikati ya mwezi, mambo yakaharibika ndani ya wiki moja. Vituo kadhaa washirika wa Fox vikakataa kurusha, maduka mengine yakasema faida watatoa sadaka, watangazaji wa Fox yenyewe wakalaani. Novemba 20 Murdoch akafuta vyote viwili na kuomba radhi.

Kuchapa vitabu, watu hukuona kama muujiza, kusaga hakuna anayekuonyesha. Marekani vitabu hupelekwa dukani kama mali kauli yetu, kisichouzwa kinarudi, hivyo njia ya kurudia ipo siku zote. Kitabu cha jalada gumu hakitumbukizwi kizima. Kwanza jalada linang'olewa, kwa sababu lina kadibodi, kitambaa na gundi. Gundi ya moto ya mgongoni ndiyo adui: ikiingia kwenye pipa la maji inakatika vipande vidogo vinavyonata, na vipande hivyo vitatoboa karatasi mpya au kuganda kwenye mitambo. Kwa hiyo mgongo unakatwa, halafu makunjo ya kurasa yanaangushwa kwenye pipa lenye visu chini, kama blenda ya juisi yenye ukubwa wa chumba, na baada ya dakika chache huwezi kujua kama lilikuwa ungamo au kitabu cha mapishi. Rojo la kijivu. Hata hivyo nakala chache ziliponyoka, kama kawaida, na Januari 2007 gazeti la Newsweek likasimulia sura nzima.

Ngoja sasa. Mahakama ya kufilisi ya Florida ilipoichunguza ile kampuni, ikaona ni kivuli tu cha kuficha fedha, na haki za kitabu zikaishia mikononi mwa familia ya Goldman, familia ya kijana aliyeuawa. Wao hawakukizika. Septemba 2007 wakakitoa kwa Beaufort Books, maneno ya Simpson yale yale, wakatanguliza yao mbele. Tazama jalada lake ukipata nafasi: neno If limefanywa dogo mno, likafichwa ndani ya herufi I kubwa. Ukisimama hatua tatu kutoka kwenye rafu unasoma kwamba amefanya. -Nge- imemezwa na msanifu wa jalada. Na kitabu kilichosagwa kwa aibu Novemba kikauzwa vizuri Septemba.

Basi ndiyo hivyo, nasema mimi: kilichobadilika ni hundi. Halafu najibishana mwenyewe usiku. Mbona Denise Brown, dada yake Nicole, alikipinga mara zote mbili? Kwake yeye msomaji anayelipa ili asome jinsi dada yake alivyokufa ni yule yule, fedha ziende kwa nani. Na sina la kumjibu. Soma hundi, naam, lakini hundi haijibu kila kitu, na hilo linaniudhi kwa sababu miaka yote nimewaambia inajibu.

Regan hakufukuzwa siku kitabu kilipofutwa. Alifukuzwa Desemba 15, 2006, baada ya ugomvi wa simu na wakili wa kampuni, wakidai alitamka maneno ya kuwachukia Wayahudi. Alikana. Mapema 2007 chapa yake ikafungwa, vitabu vikagawiwa kama vyombo vya marehemu. Novemba 2007 akawashtaki akitaka dola milioni 100. Januari 2008 wakapatana, kampuni ikatamka hadharani kwamba hakusema neno la chuki na si mtu wa namna hiyo. Baadaye ikaripotiwa alilipwa dola milioni 10.75. Huko mbele akaanzisha chapa nyingine, Regan Arts. Na mahojiano yaliyofutwa? Fox ile ile iliyaonyesha Machi 2018.

Unataka nitamke. Ulimi unaniwasha, Mungu anajua. Dola 880,000 hazitoki kwenye kampuni ya namna ile bila saini za juu, wala mtambo hauchapi 400,000 kwa amri ya mpangaji, kwa hiyo waliompigia makofi gizani ndio waliomfukuza mchana. Lakini yeye ndiye aliyekwenda kumtafuta Simpson. Niache hapo, baba yako angesema nimeshatoa hukumu kwa sauti ya chini.

Mswada wako sasa. Fanya haya kabla hujamjibu bosi. Uliza anayelipwa ni mtu au kampuni. Ikiwa kampuni, taka cheti cha usajili na majina ya wakurugenzi, kisha uliza wakili kama mtu huyo ana deni la mahakama. Malipo ya awali yagawe mafungu matatu: saini, mswada kukubaliwa, kitabu kutoka. Ukilipa vyote kwenye saini huna cha kumshikia. Mwandishi anayemwandikia awe na mkataba wake mbali, na kanda zote za mahojiano zibaki kwenu, si kwake, maana siku "maarufu" akikana alichosema, kanda ndiyo shahidi. Wakili anayejua sheria ya kashfa asome prufu ya mwisho, asisome rasimu. Sentensi mbaya huingia mwishoni mhariri akiwa amechoka. Nakala chapeni 2,000 kwanza, na gharama ya zitakazorudi iwekeni pembeni kabla hamjaanza kuhesabu faida. Na mjue mapema nani mwenye kalamu ya kufuta: wewe, bosi wako, au mwenye hisa msiyewahi kumwona ofisini.

Niandikie jina lililoko kwenye hundi. Mafuta ya nazi na ubuyu wa watoto nimempa dereva wa basi la Jumanne, mfuate stendi mapema, mara ya mwisho mliyaacha juani.

Mama yako